Mzee Nehemiah Anyona na Sabato Tano za Magokoro Yunuke

Mzee Nehemiah Momanyi Anyona alizaliwa tarehe 12 Juni 1951 katika kijiji cha Riamokanya, karibu na soko la Birongo. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Anyona Nyamongo na marehemu Mama Kemunto. Mama yake alipenda kusimulia kwamba uchungu ulimshika akiwa shambani huku mvua ya mawe ikinyesha, na kwamba mkunga alimfunika mtoto kwa jani la mgomba kabla ya kupata nguo ya kumfunika. Ndugu zake walimtania kwa jambo hilo mpaka akaota mvi.

Alianza masomo mwaka 1960 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, iliyokuwa na kuta za udongo na paa la nyasi. Mwaka 1966 alifanya mtihani wa darasa la saba na kufaulu vizuri, akajiunga na shule ya sekondari mjini Kisii. Alisoma miaka miwili tu. Mwaka 1968 baba yake alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka, akawa mtu wa kulala, na Nehemiah akaitwa nyumbani kumsaidia mama yake kulea wadogo zake. Hakuna aliyemsikia akinung'unika. Vitabu vyake alivipanga kwenye sanduku la mbao, na jioni alikuwa akiviandika upya, ukurasa kwa ukurasa, ili mkono usisahau. Ndiyo sababu mwandiko wake ulisifiwa mpaka uzeeni, na watu walikuja kutoka Nyamache kumwomba awaandikie barua.

Mwandiko huo ulimpatia kazi. Tarehe 1 Machi 1971 aliajiriwa kuwa karani katika kituo cha kupimia majani chai huko Nyamache, kisha akahamishiwa kituo cha karibu na kwao. Alifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka alipostaafu mwaka 2002. Wakulima walimwogopa na kumpenda kwa sababu moja: mizani yake haikujua ndugu wala rafiki.

Kwa kuwa alikuwa na wadogo wa kulea, alichelewa kuoa. Siku ya Jumapili tarehe 18 Desemba 1983 alifunga ndoa na Celestine Kwamboka, binti wa watu wa Nyamira, na Mungu akawajalia watoto watano. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa, Mama Celestine alipeleka kapu lake la chai kituoni akiwa na uhakika wa mwenye mji. Karani alipekua, akakuta majani yaliyokomaa, akamrudishia mbele ya foleni nzima. "Mama, hii si chai. Hii ni lishe ya ng'ombe." Mama Celestine alilibeba kapu lake, akarudi nyumbani. Kesho yake mchana, mzee alipofunua sahani ya chakula chake, alikuta majani yale yale, yamepangwa vizuri na kutiwa chumvi. Aliyala matatu, akasema asante. Wote wawili walikisimulia kisa hicho kwa miaka arobaini, na kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye aliyeshinda.

Alibatizwa mwaka 1969 katika mto ulio chini ya soko. Mwaka 1994 washiriki wa tawi la Riamokanya walimchagua kuwa mzee wa kanisa. Kwa wageni wasiojua mambo yetu, tawi ni kundi la waumini ambalo bado halijafikia kuwa kanisa kamili. Mchungaji wa wilaya hulitembelea mara moja kwa miezi mitatu. Sabato nyingine zote ni mzee wa kanisa anayehubiri, anayefariji wafiwa, anayesuluhisha mume na mke, na anayefagia popo waliokufa chini ya madhabahu.

Hapa ndipo wasifu huu ulipokuwa ukisema, "Alilitumikia kundi lake kwa uaminifu mpaka mwisho." Bosibori, binti yake wa kwanza, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, aliandika hivyo mwezi wa Februari mwaka huu, akaenda kumsomea baba yake barazani. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Binti alipomaliza, aliulizwa swali moja.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Baba."

"Mimi simjui. Mnataka kumzika mtu mwingine ndani ya kaburi langu? Andika mambo ya Magokoro Yunuke. Andika yote."

Mdogo wa marehemu, Mzee Mose, alikuwa ameketi hapo. Hakufurahi. "Ndugu yangu, matanga si kortini," alisema. "Mambo ya aibu hayasomwi mbele ya wakwe."

Mama Celestine alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Atasoma," alisema. "Hao wakwe walisikia zamani. Ambao bado hatujasema kitu ni sisi wa nyumba hii."

Kwa hiyo yanasomwa.

Kufikia mwaka 2015, tawi la Riamokanya lilikuwa na watu thelathini na wanane. Idadi hiyo ilimkera Mzee Nehemiah kama jiwe ndani ya kiatu. Matawi mengine yaliyoanzishwa nyuma yake yalikuwa yamekwisha kuwa makanisa kamili. Katika mikutano ya wilaya, wazee wa makanisa makubwa waliketi mbele na kuulizwa maoni, na yeye aliyetumika miaka ishirini alikaa nyuma, karibu na mlango, akipakuliwa chakula mwisho. Hakusema lolote, lakini Mama Celestine alijua. Siku za mikutano hiyo alirudi nyumbani akiwa amenuna, akaenda moja kwa moja kukagua ng'ombe ambaye hakuwa mgonjwa.

Wilaya ilikuwa na utaratibu wake. Tawi lilitakiwa kutuma kila mwezi orodha ya majina ya waliohudhuria ibada, na likifikisha watu mia moja kwa mwaka mzima, lilipandishwa. Mzee Nehemiah alianza kwa kuandika wageni waliopita mara moja. Kisha akawaandika waliohamia Nairobi, akisema wangerudi. Kisha akaandika watoto wa majirani waliochungulia dirishani. Karani ambaye hakuwahi kuongeza hata robo kilo ya chai, tena kwa mke wake, alikuwa sasa akiongeza watu. Mwaka 2018 orodha ilikuwa na majina mia moja na kumi na manane, na nakala yake ilibandikwa ubaoni, karibu na mlango wa kanisa, ambapo waliokuwemo waliweza kusoma majina ya wasiokuwemo.

Orodha hizo zilipigwa chapa na Bosibori, kwenye kompyuta ya ofisi aliyokuwa akifanyia kazi mjini Kisii. Baba yake alimpigia simu na kumsomea majina. Bosibori alilelewa katika kanisa lile. Alijua nani ni nani. Mwezi Agosti mwaka huo aliona jina la mzee mmoja ambaye alikuwa amezikwa wiki mbili zilizopita, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye mazishi hayo. Alilifuta. Kwa kuwa hakutaka idadi ipungue, mahali pake aliandika jina la mtoto wake wa miezi minne, aliyekuwa akilala hapo mjini Kisii na hajawahi kukanyaga Riamokanya. Kisha akamuuliza baba yake, "Kwani hawa wengine wote walikuja?"

"Andika tu," mzee akajibu.

Akaandika tu.

Na mtu akishaanza kulisha karatasi, hana wakati wa kulisha kondoo. Mzee Nehemiah alikuwa na vipaza sauti sokoni siku za gulio, kamati za mkutano mkubwa, na barua za kwenda wilayani. Kutembelea watu nyumbani kulikoma polepole, bila mtu kusema kumekoma. Nereah Okeyo, fundi cherehani kutoka pande za Homa Bay, ambaye mumewe Calvince anatengeneza pikipiki hapo Birongo, aliabudu nasi miaka miwili akiwa hajui Ekegusii, lugha yetu ya hapa, na hakuna aliyemtafsiria hata sala. Aliimba kwa kufuata midomo ya watu. Kwenye orodha alikuwa namba ya tisa.

Namba ya nne alikuwa Yunuke Nyanchoka, mjane wa miaka sabini na minne, ambaye wote twamwita Magokoro, yaani nyanya, kwa sababu alitupakata wengi wetu. Mwanawe wa pekee anafanya kazi Mombasa. Siku ya Jumanne tarehe 11 Septemba 2018 Magokoro aliteleza kwenye mteremko wa shamba lake akiwa amebeba mkungu wa ndizi, akavunjika nyonga. Alijikokota mpaka ndani. Jirani yake, mama wa kanisa jingine, alimletea uji na maji kila siku, na kila siku alimwambia, "Tutafute watu wakupeleke hospitali." Magokoro akajibu, "Ngoja Sabato. Watu wangu wataniona sipo, watakuja."

Sabato ya kwanza ikapita. Akasema pengine mvua iliwazuia. Sabato ya pili, akasema pengine wana mgeni. Alingoja Sabato tano. Jirani yake alishuhudia baadaye kwamba kila Sabato asubuhi aliomba apangusiwe uso na avalishwe kitambaa kizuri cha kichwa, ili watu wake wasimkute vibaya. Na Sabato zote tano, katika orodha ya tawi la Riamokanya, Yunuke Nyanchoka aliandikwa kuwa amehudhuria.

Wakati huo Mzee Nehemiah alikuwa katika shughuli kubwa kuliko zote. Mchungaji wa wilaya, Mchungaji Bosire, alikuwa ametuma habari kwamba angekuja Sabato ya tarehe 20 Oktoba kuthibitisha idadi. Mzee alizunguka Nyamache na vijiji vya jirani akialika kwaya tatu. Hakusema uongo, alisema, "Njooni mtuimbie, mkae mpaka mwisho." Wanakwaya walikuwa zaidi ya themanini.

Alhamisi tarehe 18, Nereah alikwenda kwa Magokoro kumpima gauni la kwaya ya akina mama. Alimkuta kitandani, mguu umevimba, midomo imekauka. Magokoro hakujua Kiswahili kingi na Nereah hakujua Ekegusii, lakini jambo lile halikuhitaji mkalimani. Nereah alimpigia mumewe simu. Calvince alikuja na mafundi wenzake wanne, wakambeba kwenye mlango waliong'oa kwenye bawaba, mpaka barabarani, na gari likampeleka hospitali mjini Kisii.

Jioni hiyo Nereah alifika hapa nyumbani. Hakukaribia kiti.

"Mzee, Magokoro Yunuke amevunjika. Ni wiki tano sasa."

Mzee Nehemiah alishtuka. "Wiki tano? Mbona hakuna mtu aliniambia?"

"Mimi nilikuwa naona kiti yake iko wazi," Nereah alisema. "Nikaangalia karatasi ya mlangoni. Inasema amekuja. Nikajiambia, pengine mimi ndiye simwoni. Mimi ni mgeni, najua nini? Karatasi ni ya mzee wa kanisa." Kisha akaanza kulia. "Mliniangusha, Mzee. Mlinifanya nisiamini macho yangu."

Mama Celestine anasema mumewe alibaki amesimama pale mlangoni muda mrefu, kofia mkononi, baada ya Nereah kuondoka.

Ijumaa asubuhi alikwenda hospitali. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia Magokoro kwamba mfupa ulikuwa umeanza kushikana vibaya, na kwamba angepelekwa mapema angetembea; sasa haikuwezekana kuahidi. Mzee Nehemiah alisimama miguuni pa kitanda. Magokoro alimtazama kutoka viatu mpaka kichwani.

"Omogaka," alimwambia kwa Ekegusii, akimpa heshima yake ya mzee, "huyu binti wa Kijaluo ameniambia, muuguzi akitafsiri, kwamba nilikuwa kanisani."

Mzee aliivua kofia.

"Sabato zote tano. Nimefurahi kusikia. Niambie basi, niliimba? Nilivaa nini?"

Marehemu alisema mara nyingi kwamba katika maisha yake alizika baba, mama, na mtoto mmoja, na hakuna siku aliyotamani ardhi ipasuke kama siku ile. Aliweka chungwa alilokuwa amemletea juu ya meza, akatoka nje kinyumenyume. Magokoro hakulila lile chungwa.

Sabato ikafika. Kwa mara ya kwanza tangu lijengwe, kanisa la mabati la Riamokanya lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Mchungaji Bosire aliingia akitabasamu. Nyimbo zilitikisa mapaa. Bosibori alikuwa amekuja kutoka mjini kwa siku hiyo kuu, akaketi kiti cha tatu akiwa amempakata mtoto wake, ambaye kwa hivyo alihudhuria kweli, mara ya kwanza.

Mzee Nehemiah aliitwa asome taarifa. Alisimama na karatasi. Alisoma kichwa cha taarifa, akasoma tarehe, akanyamaza. Watu wakadhani anatafuta miwani. Alipozungumza tena aliacha Ekegusii, akatumia Kiswahili, ambacho hakuwahi kukitumia mimbarini, na alizungumza akimtazama Nereah.

"Taarifa hii ni ya uongo. Hawa wageni ni wa kuazima, na hawajui, wasilaumiwe. Tawi hili lina watu thelathini na wanane. Mmoja wao amelala na nyonga iliyovunjika Sabato tano, na mimi nimemwandika amekuja. Mchungaji, naomba uniondoe."

Mchungaji Bosire aliuliza, kwa upole, "Orodha hizi umeziandika peke yako, Mzee?"

"Ni mimi," mzee akasema. "Peke yangu."

Na Bosibori, kwenye kiti cha tatu, aliinama akamrekebisha mtoto kofia. Kofia ile haikuwa na kasoro.

Mzee Nehemiah aliondolewa uzee wa kanisa kwa mwaka mmoja. Wanakwaya walikwenda kwao, na kisa kikatangulia mbele yao. Kufikia Jumatatu kilikuwa kimefika hata kule Tabaka. Familia sita ziliondoka Riamokanya zikisema haziwezi kuabudu mahali panapochekwa. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Mose, ambaye alimwambia nduguye sokoni, watu wakisikia, "Umetuvua nguo hadharani." Mwezi wa Januari 2019 walibaki watu kumi na tisa. Miongoni mwao hakuna aliyetaka kuongoza isipokuwa yule ambaye hakuwahi kuulizwa. Nereah alichaguliwa, akasema sharti lake ni moja: ibada iwe kwa Kiswahili, kila mtu apate kuelewa. Ni kwa ajili hiyo pia wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili.

Kitu cha kwanza alichofanya Nereah kilikuwa kubandua ile karatasi mlangoni. Cha pili, alianza kuita majina kwa sauti kabla ya wimbo wa kwanza. Aliyepo aliitika. Asiyekuwepo, alisemewa na anayejua alipo: "Ana mgonjwa," "Amekwenda kwa mama yake Nyamira." Jina likiitwa na kukosa wa kulijibu, watu wawili walitoka hapo hapo kumfuata, na ibada ikangoja. Sabato moja tulingoja mpaka saa sita kasoro, kumbe ndugu mwenyewe alikuwa amelala usingizi wa kawaida. Aliletwa akiwa na alama za mkeka shavuni. Tangu siku hiyo hakukosa.

Mzee Nehemiah aliketi kiti cha nyuma na kupewa kazi ya kutembelea. Kila Ijumaa alishika fimbo, akapita nyumba zote, na zile familia sita zilizoondoka pia. Kwa nduguye alifukuzwa mara nne, mara moja kwa mbwa. Mara ya tano Mose alimpa kiti, ingawa hakumpa chai.

Na kila Sabato, kuanzia siku Magokoro aliporuhusiwa kutoka hospitali, Mzee Nehemiah na Calvince walimbeba kwenye kiti, wakampandisha ule mlima mpaka kanisani na kumrudisha. Magokoro hakuwahi kutembea tena ila kwa kushikwa. Kwa mwaka mzima na zaidi hakuwa akimsemesha mzee njiani. Alizungumza na Calvince tu, kwa Kiswahili alichokuwa anajifunza. Kisha Sabato moja ya mwaka 2020, walipofika penye mwamba, alisema, "Niwekeni chini." Wakamweka.

"Omogaka, mgongo wako unakwisha kwa ajili yangu na hujaniambia neno. Zile siku, ulikuwa unanitazama wapi, ukaniona nimekuja?"

Mzee Nehemiah alipiga magoti ili awe sawa naye. "Sikutazama, Magokoro. Niliandika bila kutazama."

Magokoro alitweta kana kwamba ndiye aliyepanda mlima. "Hilo ndilo nililokuwa nangoja," alisema. "Haya. Inueni. Tumechelewa."

Wakati huo Mzee Nehemiah alikuwa amekwisha kurudishiwa uzee, mwishoni mwa mwaka 2019, akakubali kwa sharti kwamba aongoze pamoja na Nereah. Waliongoza pamoja miaka mitano. Tawi liliongezeka pole pole: majirani waliokuwa wakija kumletea Magokoro uji, wafanyakazi wawili wa mjini kutoka upande wa ziwa, familia nne kati ya zile sita. Mwaka 2023 Mchungaji Bosire alimwita Nyamira kuwafundisha wazee wa matawi namna ya kuongoza kundi dogo. Mama Celestine alimsihi asimulie mazuri tu. Alianza na lile chungwa. Mzee mmoja kijana akamuuliza afanyeje kundi lake la watu arobaini likue. Alijibu, "Watu arobaini unaweza kuwashika wote mkono kabla uji haujapoa. Umewashika?" Yule kijana akasema bado. "Basi rudi nyumbani," mzee akamwambia, "mimi sina somo lingine."

Walimpigia makofi, naye hakuyapenda. Aliporudi alimwambia mkewe, "Wananipigia makofi kwa mguu wa mtu."

Mwezi Julai 2024 alianza kulalamika maumivu ya kiuno. Uchunguzi mjini Kisii ulionyesha saratani ya tezi dume, iliyokuwa imeenea kwenye mifupa. Alitibiwa kwa miezi sita, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Mwezi Januari mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Washiriki walifika kila siku kwa zamu, na Mzee Mose alihamia hapa kabisa, akilala kwenye kochi.

Ni katika siku hizo za barazani, baada ya kumkataa yule mtu wa wasifu wa kwanza, ambapo Bosibori alimwuliza baba yake jambo alilokuwa amelibeba kwa zaidi ya miaka sita.

"Baba, siku ile Mchungaji alikuuliza kama uliandika peke yako. Kwa nini hukunitaja?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulikuwa umempakata mtoto," alisema.

"Hiyo si sababu."

"Ulikuwa mtoto wangu, na mimi ndiye niliyekuambia uandike. Yangu ilikuwa inanitosha." Akapumzika kidogo, maana kuzungumza kulikuwa kunamchosha. "Lakini yako sikuweza kuitubu kwa niaba yako, Bosibori. Nilijaribu. Haikubali."

Hakumwamuru kitu. Alifariki dunia Jumatatu tarehe 3 Machi 2025, saa kumi alasiri, kitandani mwake, mkewe akiwa amemshika mkono na Calvince akimpepea. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Kwa hiyo leo, Ijumaa tarehe 14 Machi, mbele ya jeneza hili, Bosibori anasema: majina yale aliyapiga chapa yeye, akijua. Jina la Yunuke Nyanchoka aliliandika mara mbili, katika orodha ya Septemba na katika ile ya Oktoba iliyoandaliwa mapema, na hakupiga simu hata moja kumuuliza Magokoro hali, ingawa ndiye aliyemfundisha kusuka nywele. Baba yake alipoaibishwa, yeye alitazama kofia ya mtoto. Magokoro, uliyeketi hapo mbele: Bosibori naye hakukutazama. Anaomba umsamehe, na kama bado si leo, atangoja.

Marehemu ameacha mjane, Mama Celestine Kwamboka. Watoto wanne, Bosibori, Nyamongo, Kerubo na Anyona. Ndugu yake Mzee Mose na dada wawili. Wajukuu kumi na mmoja. Na washiriki wa tawi la Riamokanya, ambalo bado ni tawi, wakiongozwa na Mama Nereah Okeyo.

Bwana anayewajua walio wake ampokee mtumishi wake Nehemiah, ampumzishe kwa amani mpaka asubuhi ile atakapomwita.